Mwali wa Bi Cadija

Pale Olumbi, kijiji cha wilaya ya Palma, ukisikia mtu anasema "huyo mwali wa Bi Cadija," ujue anasifu. Ina maana bibi harusi ametoka ndani amenawiri, mashavu yamejaa, ngozi inateleza kwa msiro, ule unga wa mti wa kusugua mwilini, na wakwe wakimwona tu wanatulia. Bi Cadija alikuwa kungwi. Akiletewa msichana kabla ya ndoa, alimweka ndani, akamlisha, akamkanda, akamfunda, akamkataza hata kuinua ndoo ya maji. Hajawahi mtu kumrudishia mwali akamwambia huyu bado.

Basi mwanamke huyo, mwenye mkono wa kunenepesha watoto wa watu, Mungu alimpa binti mmoja tu, na binti mwenyewe akawa wa kupima chakula. Ya Mungu mengi.

Binti jina lake Zuleica. Wakati huo gesi ilikuwa imeshaonekana huko baharini, na Palma imejaa magari meupe na wageni wanaouliza bei za viwanja. Zuleica alikuwa anasoma darasa la kumi na mbili hapo Palma. Amepanga chumba na mwanafunzi mwenzake, Felismina, Mmakonde kutoka Mueda, msichana wa kanisani, mcheshi, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Wote wawili walikuwa wanataka kitu kimoja. Kampuni moja ya wageni ilitangaza kuwa itachukua vijana wa wilaya na kuwasomesha ufundi Pemba, mji mkuu wa mkoa, miaka miwili, chakula na malazi juu yao, kisha kazi. Ukishinda mtihani wa Kiingereza na hesabu, unapimwa mwili. Ukipita hapo, umekwenda.

Kwa hiyo asubuhi ilikuwa shule, mchana Kiingereza, jioni kompyuta kwenye chumba kimoja cha mwalimu mstaafu, na usiku kazi za nyumbani mpaka macho yanakataa. Mtu wa ratiba ya namna hiyo anakula nini? Anakula kinachouzwa getini: mkate na chai ya sukari tele, vitumbua vinavyochuruzika mafuta, na soda ya baridi ya kuondoa usingizi. Wanafunzi wote walikula hivyo, na siwalaumu, kwa sababu njaa ya mwanafunzi haina subira.

Zuleica hakula hivyo. Kila mwisho wa juma alichemsha kunde na mbaazi za kutosha, akachuma kisamvu kwa jirani, na kila siku alitoka na kikopo chake chenye muhogo wa kuchemsha, kunde, na kipande cha samaki. Alikula kwa saa. Hata mwalimu akiwa katikati ya maneno, yeye saa yake ikifika anafunua kikopo chini ya deski. Wenzake walimcheka wakamwita bibi kizee. Na alfajiri, baada ya kuswali, alivaa suruali chini ya kanga, akamwamsha Felismina kwa kumvuta mguu, wakakimbia wote wawili barabara ya kwenda uwanja wa ndege mpaka jua lichomoze. Wanawake waliokuwa wanatoka kisimani walisimama kuwatazama.

"Mnakimbizwa na nani, wanangu?" waliuliza.

"Tunakimbizwa na mtihani, mama," Felismina alijibu, na wanawake walicheka mpaka ndoo zikamwagika.

Felismina alidhani ni mazoezi ya kujiweka tayari kwa kupimwa. Mwenzake hakumwambia kweli yote mpaka walipozoeana sana. Kweli ni kwamba Zuleica alikuwa anakimbia sukari. Mwaka uliotangulia alikwenda hospitalini kwa kizunguzungu, na nesi mmoja anaitwa Dona Verónica akampima damu, akampima tena, halafu akafunga mlango.

"Baba yako alikufa na nini?" nesi aliuliza.

"Sukari."

"Basi nisikilize. Wewe uko mlangoni, hujaingia ndani. Ukila vizuri, ukala kwa wakati, na ukatembeza mwili kila siku, unaweza kusimama hapo mlangoni miaka mingi. Ukijiachia, utaingia kama baba yako."

Zuleica alitoka pale na hofu. Lakini alishika masharti. Zaidi ya mwaka mzima alishika, na kila alipokwenda kupimwa Dona Verónica alimwonyesha dole gumba. Mtu mmoja tu hakumwambia, naye ni mama yake. Angemwambiaje? Neno lile nyumbani kwao lilikuwa halitajwi.

Marehemu Muhamudo, baba yake, alikuwa mtu mnene wa kicheko. Ugonjwa ulipomshika wakampeleka Pemba, wakamkata mguu, wakamkataza wali, wakamkataza chai yenye sukari. Bi Cadija alikaa naye hospitali, akamwona mumewe anapungua, anapungua, mpaka pete ikawa inamvuka kidoleni. Alikufa akiomba uji, na alioupata ni ule tu ambao mkewe alimlisha kwa siri. Na Bi Cadija akarudi Olumbi na jambo moja limekaa moyoni mwake kama msumari, kwamba mume wake aliuawa na njaa. "Mwili haujengwi kwa matofali," alikuwa akisema. "Walimnyima chakula mpaka roho ikakosa pa kukaa." Ndugu walijaribu kumweleza, wakachoka.

Sasa mtihani wa Kiingereza ulipita, hesabu ikapita, na majina ya Zuleica na Felismina yote yakatoka. Walikumbatiana barabarani wakalia. Kikabaki kipimo cha mwili. Shule nayo ilikuwa imefungwa kwa mapumziko. Zuleica akampigia mama yake simu.

"Watatupima mwili, mama, damu na kila kitu. Dua yako tu."

"Njoo nyumbani nikutazame kwanza," mama alisema. "Hiyo dua nitakuombea ukiwa mbele yangu."

Mtoto gani anakataa? Zuleica akapanda gari la Olumbi.

Bi Cadija alikuwa uani anapepeta mchele. Aliposikia hodi aliinua kichwa, na ungo ukamshuka mikononi. Mbele yake alikuwa amesimama mwanawe, mifupa ya shingo inaonekana, mikono mikavu, kiuno cha nyigu. Zuleica mwenyewe alikuwa anajisikia mwepesi na mzima kuliko siku zote za maisha yake. Mama yake aliona mgonjwa.

"Marahaba," alijibu salamu. Alimshika mkono akamwingiza ndani.

Kesho yake alfajiri Zuleica aliswali, akavaa suruali yake, akafungua mlango wa nyuma. Bi Cadija alikuwa ameketi kwenye kizingiti, amejifunga kanga mbili, kana kwamba amelala hapohapo.

"Unakwenda wapi?"

"Kukimbia kidogo, mama. Nimezoea."

"Binti wa watu anakimbia Olumbi, anafukuzwa na nani? Rudi ndani."

"Mama, ni kwa ajili ya kupimwa. Wanataka mtu mwenye pumzi."

"Wanataka mtu wa kazi," Bi Cadija alisema. "Vyuma vya baharini vitabebwa na vijiti? Mimi nimeona wakwe wakitazama mabibi harusi miaka yangu yote, na najua mtu anayepimwa anatazamwa nini. Wiki hii moja niachie mimi." Halafu sauti ikamkatika. "Baba yako alianza hivihivi, Zuleica. Mkono wake ulikuwa kama huu wako. Nimezika mmoja. Usinizikishe wa pili."

Alikuwa analia. Bi Cadija, ambaye hata msibani alilia amejifunika uso, alikuwa analia waziwazi mbele ya mtoto. Hapo ndipo Zuleica alipotakiwa kusema. Maneno yalikuwa yamefika mdomoni: mama, mimi niko kwenye njia ya baba, ninachokifanya ndicho kinachoniweka hai. Lakini aliutazama ule uso akaona kwamba akilitaja lile neno, mama yake ataanza kumlilia kama maiti tangu siku hiyo. Akajiambia wiki moja haiui. Akavua suruali.

Ee, jamani, huruma nayo huponza.

Akawekwa ndani. Bi Cadija alimfanyia mwanawe yote aliyowafanyia watoto wa wengine, na akazidisha. Asubuhi uji wa mchele wa tui zito na sukari. Baada ya uji, mayai na samli. Mchana wali wa nazi, na kabla wali haujashuka tumboni, ndizi za kukaanga zilizomwagiwa asali ya msituni kutoka Pundanhar. Alasiri tende na maziwa. Usiku kuku. Alimkanda kwa mafuta, akampaka msiro, akamkataza kuvuka ukumbi. Zuleica alijaribu kuacha chakula nusu bakuli, akasema ameshiba. Mama aliketi mbele yake, akachota kwa mkono wake mwenyewe, akamtia mdomoni, kama alivyomlisha utotoni. Mkono wa mama hausukumwi. Alimeza.

Siku za mwanzo alihesabu kichwani anachokula, baadaye akaacha. Na nisiseme uongo, ilikuwa raha pia. Alikuwa amechoka, yule msichana. Zaidi ya mwaka alikuwa anaamka gizani, anakimbia, anasoma, anakula kwa saa, anajikatalia kila kitamu kilichopita mbele yake, na hakuna aliyemwambia pole. Sasa amelala kwenye mkeka, kuna mtu anamkanda miguu na kumwimbia. Alilala usingizi mwingi. Akawa anasikia kiu, akidhani ni joto. Akawa anatoka usiku kwenda chooni mara kwa mara, na hapo alijua, ila alikataa kujua.

Siku ya kuondoka Bi Cadija alimtazama, akamzungusha, akatabasamu kwa mara ya kwanza. Mashavu yalikuwa yameanza kurudi.

"Haya, nenda," alisema. "Sasa na waje wapime."

Watu wa kampuni walipimia kwenye hema kubwa nyuma ya jengo la utawala. Vijana walipanga foleni tangu asubuhi, hawajala kitu, kama walivyoagizwa. Felismina alipomwona mwenzake alimshika shavu.

"Umetoka harusini?" alimtania. Kisha akamtazama vizuri, na mzaha ukamwishia. "Ulikimbia huko kwenu?"

"Sikukimbia."

Felismina akamshika mkono, wakasogea na foleni.

Daktari alikuwa kijana wa Maputo, mpole, anazungumza Kireno cha taratibu. Alimchoma kidole, akatazama mashine yake ndogo. Akamchoma kidole kingine.

"Umekula nini leo?"

"Sijala, daktari. Tangu jana usiku."

Daktari aliweka mashine mezani. Halafu akamweleza kwa adabu kwamba sukari iko juu sana kwa mtu asiyekula, kwamba lazima aende hospitali leo hii, asingoje. Na kwamba mafunzo haya ni ya kazi za mbali baharini, mahali pasipo na hospitali, na kwa mtu wa damu hii yeye daktari hana ruhusa ya kutia saini.

"Wiki mbili zilizopita haikuwa hivi," Zuleica alisema. "Muulize nesi wetu. Nilikuwa naitunza. Nipe mwezi mmoja, nitairudisha."

"Nakuamini," daktari alisema. "Lakini orodha inaondoka kesho."

Zuleica alitoka. Felismina alipita, jina lake likaingizwa. Alikuja akakaa chini kwenye mchanga karibu na mwenzake. Akasema, "Wewe ndiye uliyekuwa unanivuta mguu asubuhi." Akalia kuliko Zuleica.

Dona Verónica alimpa vidonge, akamkemea, kisha akamkumbatia. Akamwambia aanze upya, kula vile, kukimbia vile, bado anaweza kurudi nyuma mpaka pale mlangoni. Zuleica aliitikia yote.

Akaenda Olumbi kumwambia mama yake. Njia nzima alikuwa anayapanga maneno. Safari hii angesema. Angesema kwa upole, bila kulaumu, maana asiposema hatakuwa na mahali pa kuishi na ugonjwa wake.

Bi Cadija alimpokea mlangoni, akamsoma usoni, akajua.

"Wamekukataa."

"Wamenikataa, mama."

Bi Cadija aliketi chini taratibu, akashika magoti. Alipozungumza, alizungumza kama mtu anayekiri dhambi.

"Ni wembamba, siyo? Walikuona bado."

Zuleica alimtazama mama yake, mikono ile iliyotunza mabinti wa Olumbi nzima, mikono iliyomlisha baba uji wa mwisho kwa siri, na yote aliyoyapanga njiani yakamkauka.

"Ndiyo, mama," alisema. "Ni wembamba."

"Nilijua. Wiki moja haitoshi. Ningekuita mapema ungepita. Nisamehe, mwanangu, kosa ni langu." Alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Lakini usivunjike moyo. Watarudi hao, na safari hii hutatoka mikononi mwangu mpaka nikuone umekuwa mtu."

Akainuka akaenda jikoni. Zuleica alimsikia anakuna nazi, anakuna haraka, kama mtu anayelipa kitu. Harufu ya wali ikajaa nyumba. Bi Cadija alileta bakuli limefurika, akaliweka mbele ya mwanawe, akaketi kumtazama.

Zuleica akasema bismillahi, akala.