Maji na Umeme Humo Humo

Fundi mapazia alikuwa na miaka hamsini na minne alipohamia ghorofani kwa mara ya kwanza maishani. Kabla ya hapo aliishi miaka ishirini na miwili kwenye nyumba ya familia sita, bomba moja uani, na bili ya umeme ikigawanywa kwa kelele. Ukiwasha taa mapema, jirani waliyembandika jina la Mkaguzi anagonga ukuta: "Nani huyo anataka tufilisike?" Ukichota ndoo ya pili, anaitangaza uani kote.

Binti yake, muuguzi, ndiye aliyemtafutia chumba na sebule ghorofa ya tatu.

"Mama, unalipa kodi tu. Maji humo humo, umeme humo humo. Hutagawana bili na mtu tena."

Akili yake ilikubali, ila mwili haukusikia. Alioga kwa nusu ndoo. Maji ya kusuuzia vyombo akapigia deki. Alishonea dirishani kwa cherehani ya miguu, na jua likizama aliwasha taa ya jikoni peke yake, mlango wazi ili imulike na sebuleni. Friji hakuichomeka kabisa. Chakula alipika mara moja kwa siku, sufuria akaiviringishia blanketi mpaka jioni.

Mwenye nyumba alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na wapangaji wote walimwita Mwalimu. Kila mwisho wa mwezi alipanda ngazi kusoma mita za vyumba, miwani puani. Mwezi wa tatu tangu fundi mapazia ahamie, alisimama mbele ya mita zake kwa muda mrefu, akaguna.

Jumamosi asubuhi akabisha hodi, nyuma yake fundi bomba na spana mkononi.

"Mama, samahani, nitasema bila kuzunguka. Mita zako hazisogei. Ama hukai hapa, ama kuna bomba na waya vimepitishwa pembeni, na vikigunduliwa faini ni yangu."

"Unasema naiba, Mwalimu?"

"Nasema hazisogei."

Machozi yalimlenga. Miaka yote ya kazi hajawahi kubaki hata na kipande cha kitambaa cha mteja. Akaufungua mlango mpaka mwisho. "Ingieni. Tafuteni mpaka mchoke."

Fundi bomba akajipenyeza chini ya sinki, akagonga mabomba, kisha akaingia bafuni. Akatoka anajikuna kichwa.

"Mwalimu, hapa hakuna ujanja wowote. Ila bomba la kuogea halijaguswa. Bado lina nailoni ya dukani."

Mwalimu alikuwa tayari amefungua friji. Ndani palijaa nyuzi za kila rangi, na kwenye vishimo vya mayai, pete za mapazia.

"Uzi nao unaoza, Mama?"

"Hauozi. Kabati lilijaa."

Fundi bomba alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mwalimu akajikaza, akashindwa. Mwisho hata mshtakiwa mwenyewe akacheka, akiwa bado anafuta machozi, akawasimulia habari za Mkaguzi.

Mwalimu akavua miwani. "Miaka thelathini nimewakaripia watoto kwa kuchezea maji. Wewe ndiwe wa kwanza ninayekukaripia kwa kutoyachezea. Unisamehe, Mama. Ningekuja peke yangu kwanza, nikuulize."

"Yameisha, Mwalimu."

"Hayajaisha. Fundi, mtolee ile nailoni. Halafu sisi tunaondoka, yeye anaoga. Na ni maji ya moto!"

Dakika ya kwanza aliishika koki tayari kuifunga, kama aliyesikia hatua za mtu uani. Hakuna aliyegonga. Maji ya moto yakamshukia mabegani, mabega yaliyoinamia cherehani tangu usichana, na polepole mkono ukaachia koki. Akaimba. Hakuwa na sauti nzuri, na mpangaji wa ghorofa ya pili ni shahidi, lakini aliimba beti zote.

Huu ni mwaka wake wa nne pale. Mita zinasogea kama za watu wengine, na Mwalimu hupanda Jumamosi kunywa chai. Juzi walibishana nusu siku juu ya pazia la dirisha la ngazini: Mwalimu alitaka la kijani, fundi mapazia la bluu. Limetundikwa la bluu, na Mwalimu anawaambia wapangaji kwamba ndiye aliyelichagua.