Zamu ya Mfereji

Miaka ya Ujamaa nilifundisha watu wazima siasa kijijini, juu kidogo ya Lushoto. Siku moja niliwaeleza kwamba, kwa wanafalsafa fulani wa Ulaya, serikali ilitokana na watu kukutana na kukubaliana. Mzee aliyegawa maji ya mfereji wetu akauliza, "Walikutana wapi, Mwalimu?"

Nikamjibu kwa ukali kwamba huo ni mfano tu, hawakukutana popote. Darasa zima likacheka.

Jumamosi wanakijiji walisafisha mfereji. Mimi nikabaki nyumbani nikisahihisha madaftari. Zamu yangu ilipofika, maji yakapelekwa kwa jirani, kabichi zangu zikanyauka. Nikamwendea mzee nimefura kwa hasira, ingawa shikamoo nilimpa. Nikamwuliza nani aliamua kwamba asiyesafisha anyimwe maji.

"Marahaba," akaitikia. "Ni sisi. Tulikutana pale mferejini, Mwalimu. Wewe hukuja."