Kidonda Kilichokauka Upesi

Baba alipowekewa stenti, daktari alituonyesha picha za mshipa wake kwenye kompyuta. Kabla ya kuwekewa, mahali pamoja karibu na moyo palikuwa pamezibwa na mafuta yaliyojijenga ukutani, damu ikipenya kama uzi. Baada ya hapo, kibomba cha waya mwembamba kilikuwa kimeutanua mshipa na damu inapita kwa nafasi. Ndiyo maana alikuwa akibanwa kifua kila akipanda kilima kutoka shambani. Mtu akipanda, moyo unadai damu zaidi, na njia ilikuwa haitoshi.

"Kwa hiyo amepona?" nikauliza.

"Mshipa umefunguka," daktari akasema. "Ila ule waya ni mgeni mwilini. Damu ikipita pale hutaka kuushika na kugandia juu yake, mpaka mshipa uote utando wake wa kuufunika. Hiyo ni kazi ya miezi. Vidonge hivi vinazuia damu isigande. Ikiganda, njia inaziba ghafla. Asiache kumeza bila kuniuliza."

Baba aliitikia kwa adabu zote. Hilo lingepaswa kunishtua, maana Baba huitikia hivyo hata kwa mchungaji, kisha anafanya lake.

Akarudi kijijini kwake Hombolo, akapata nguvu, akawa anapanda kutoka shambani huku anapiga mluzi. Kisha msimu wa kupogoa mizabibu ukafika. Kwetu majirani husaidiana, leo shamba la huyu, kesho la yule, na Baba ndiye huitwa kuamua tawi lipi likatwe na jicho lipi la kuchipua libaki. Glovu hataki. Anasema jicho la mzabibu hulijui mpaka ulipapase kwa kidole.

Mimi nauza nafaka sokoni Majengo, mjini, kwa hiyo huenda kumwona Jumapili nikitoka kanisani. Jumapili hiyo nilimkuta amekaa nje, akiwa na furaha zake.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba, mama." Huniita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake. Akanyoosha kidole cha shahada. "Hebu tazama hapa."

Kilikuwa kidonda cha mkasi, kimekauka vizuri, kina gamba jeusi.

"Nimejikata juzi," akasema. "Damu ikakatika palepale, hata kitambaa sikufunga. Nilipojikata mwanzoni mwa msimu ilichuruzika mpaka jioni. Jirani akaniambia, mzee, hizo dawa zimeifanya damu yako maji, utaisha humu shambani. Nikaziweka kando kwanza. Tukimaliza kupogoa nitaendelea nazo."

Alitegemea nimpongeze. Mimi nikakaa chini kwenye vumbi na gauni langu la kanisani.

"Baba, kama inaganda upesi hivyo kwenye kidole, unafikiri kule kwenye waya inafanya nini?"

Akakitazama kile kidole. Kisha mkono wake mwingine ukaenda kifuani taratibu. Sijawahi kumwona Baba akiogopa, na sikupenda kumwona. Nikapandwa na hasira, nikamwambia sikio la kufa halisikii dawa, nikalia, nikamwambia tena. Nikampigia daktari, akaagiza ameze vidonge sasa hivi na nimpeleke hospitali bila kuchelewa. Njia nzima nilikuwa namchungulia kama anapumua, naye akajifanya hanioni.

Walimpima moyo, wakamweka chini ya uangalizi mpaka asubuhi. Njia ilikuwa bado wazi. Daktari hakumgombeza, alimwuliza tu, kati ya mkasi na vidonge, kipi kinaweza kusubiri.

"Mizabibu haisubiri," Baba akasema. Halafu, bila kunitazama: "Huyu atakata."

Sikuwa nimepogoa tangu niolewe. Alikaa kwenye kiti katikati ya mistari, ananielekeza kwa fimbo. Si hilo! Acha macho mawili! Wewe unanyoa au unapogoa? Majirani walicheka mpaka wakaacha kazi zao. Nilikata matawi ambayo hadi leo hajanisamehe.

Mavuno yalikuwa ya aibu. Vichala vidogo, zabibu chachu, na mstari mmoja haukuzaa kabisa. Kila aliyepita Baba alimwita aonje, ashuhudie binti alivyomharibia shamba. Alisimulia barabarani, akasimulia nje ya kanisa, sauti yake ikisikika mpaka kwa jirani wa tatu. Mimi nilikaa pembeni nikala zile zabibu chachu, nikamwacha aseme yote, na nikaomba mwakani anitukane tena.