Shokapu Isiyovuja

Shemeji yangu ni fundi baiskeli. Tangu dada yangu, mkewe, afariki, anaongea na vyuma kuliko watu. Chumba chake na changu cha kushonea vinatenganishwa na ukuta mwembamba. Akipiga chafya kule, mimi naitikia huku.

Baiskeli za kawaida anazitengeneza amefumba macho. Iliyomtoa jasho ni ya bintiye, ya kupandia milima. Shokapu yake ya mbele haina springi. Inabebwa na upepo tu, unaojazwa kulingana na uzito wa mpandaji. Binti yuko ng'ambo kikazi, na alipiga simu: "Baba, nakuja likizo. Niwekee baiskeli sawa, tupande wote kilimani."

Basi kila asubuhi ukutani nasikia: psss. Shemeji kafunga pampu kwenye vali, katazama mshale wa kipimo, umeshuka. Anajaza. Kesho yake umeshuka tena. Akaifumua shokapu, akabadilisha mipira ya ndani, akapaka povu la sabuni kwenye vali. Hakikutoka kipovu hata kimoja. Chakula nilichompelekea kikalala na sahani yake.

"Ikizama naye mteremkoni, nitamwambia nini mama yake?" akaniuliza, kama vile dada yangu yuko sokoni anarudi.

Mwisho akaja kwenye cherehani. "Shemeji, njoo ukalie baiskeli. Wewe na mwanao wa ng'ambo mnalingana uzito."

"Nani alinipima?"

"Macho."

"Yapeleke hospitali."

Nikaenda, sketi nimeikusanya mkononi. Kwenye mguu wa shokapu kuna kipete cha mpira. Ukikaa, shokapu inazama, inakisukuma, nacho kinabaki ilipoishia. Nikakaa, akatia alama ya kalamu kilipofika, akaitundika pampu msumarini. Juma zima hakuigusa. Nikakaa tena, kipete kikasimama palepale.

Shokapu ilikuwa nzima. Kila alipofunga pampu, mpira wa pampu ulikunywa upepo kidogo wa shokapu kabla mshale haujasoma.

"Kumbe mwizi ni mimi mpimaji," akasema.

"Ndiyo wewe. Anayefunua sufuria kila saa wali wake unaiva lini?"

Akacheka. Nilikuwa nimeshaisahau sauti ya kicheko chake.

Jioni simu ikaita, akaiweka sauti ya juu. "Baba, likizo imesogezwa. Labda mwakani."

Shemeji akaitazama ile baiskeli, imeng'aa kama sahani ya mgeni. "Afadhali, mama," akasema. "Hata hivyo shokapu bado inavuja. Nisingekuruhusu uipande."

"Bado tu?"

"Bado. Usiwe na haraka."

Nikafungua mdomo, mimi ambaye wateja wananijua sinyamazi, nikaufunga.

Asubuhi natia uzi kwenye sindano, ukutani nikasikia: psss. Nikaweka gauni la mtu pembeni, nikaenda.

"Shika hiyo baiskeli nikae," nikamwambia.

Akaishika. Kipete hakuna aliyekitazama.