Sukuma Wiki ya Mwezi wa Tatu

Mume wangu anaweza kuishi Doha hadi azeeke, lakini mwezi wa tatu ukifika, mwili wake huanza kusikia mvua ya nyumbani Kenya. Husimama mlangoni na kikombe cha chai, akaangalia mbingu isiyo na hata wingu, kisha akatangaza, "Wakati wa kupanda umefika."

Umefika wapi? Hapa mtaani kwetu Abu Hamour mwezi wa tatu ni wa kuaga bustani. Tunaishi katika nyumba kubwa iliyogawanywa vipande, familia kadhaa kwenye ua mmoja, na wenzetu hupanda mwezi wa kumi, joto likipungua. Majira ya machipuko yakija, wao wanavuna. Mwaka ninaousimulia, jirani yetu Mganda alituletea nyanya hadi tukaanza kumkwepa. Watoto walicheza nje mchana kutwa, tukanywa chai uani, na kila mtu alijua raha hiyo haina siku nyingi. Kila mtu isipokuwa bwana mkulima.

Mwaka huo alikuwa na sababu. Mama yake alikuwa anakuja kututembelea mwezi wa nne, kwa mara ya kwanza. Mama huyu hakuwahi kukubali tuhamie huku. Siku tuliyomuaga alimwambia mwanawe, mimi nikisikia, kwamba mahali pasipoota hata mboga si mahali pa kulea watoto. Mume wangu alicheka, lakini neno lile lilimkaa rohoni miaka yote.

"Mama atakula sukuma ya mkono wangu," akasema, akapanda mbegu kwenye kipande chetu cha udongo uani.

"Baba Watoto, jua litazila kabla mama yako hajafika."

Akanijibu kwamba mimi ni nesi, nishughulike na sindano.

Jua likaja. Kwanza alizijengea kivuli kwa shuka letu jipya la maua, upepo wa vumbi ukalipeleka hadi kwa jirani. Kisha akazihamishia kwenye ndoo, na ndoo zikaingia sebuleni, mbele ya AC. Watoto wakilalamika joto waliambiwa wavue soksi. Sukuma zikinyong'onyea, rimoti ilitafutwa mbio. Wageni walikaa kwenye viti vya plastiki, maana mahali pazuri karibu na dirisha palikuwa na wenyewe. Nilimcheka sana. Lakini siku moja nilimkuta anapangusa vumbi kwenye majani kwa kitambaa cha miwani yake, jani baada ya jani, nikaacha kumcheka.

Mama alipofika hakuangalia makochi wala TV. Alienda moja kwa moja kwenye ndoo, akashika jani moja lililopauka.

"Hizi ni za nani?"

"Ni zangu, Mama."

"Na mbona ziko ndani ya nyumba?"

"Nje ni jua, Mama."

Mama alizichuma mwenyewe, akazipika na nyanya za jirani. Zilitosha kijiko kimoja kimoja. Mume wangu hakugusa chakula, alikuwa anaangalia mdomo wa mama yake. Mama akatafuna, akameza, akaomba maji. Basi. Nilimhurumia mume wangu hadi nikaanza kusifu ugali nilioupika mwenyewe.

Asubuhi tuliamka tukakuta kitanda cha Mama kitupu. Alikuwa uani, leso kiunoni, analima kile kipande cha udongo kilichokauka kwa kisu changu cha jikoni. Pembeni alikuwa amepanga machipukizi aliyoyakata kwenye mashina ya ndoo zetu.

"Mnazifungia ndani kama wagonjwa," akasema bila kuinua kichwa. "Mboga inataka udongo. Hizi zikishika, mvua ikianza, watoto watakula hadi Krismasi."

Mvua. Doha, mwezi wa nne. Nilimgeukia mume wangu nikiwa na maneno tayari mdomoni, nikamkuta amesimama pale na pajama zake, macho yamemlowa.

"Sawa, Mama," akasema.

Nami nikaenda kuteka maji.