Maji Niliyoona Haya Kuyamwaga

Nilifika Beni nikitoka Kisangani, safari ndefu ya tope, mahali pengine juu ya lori, pengine nikisukuma baiskeli ya mizigo ya mtu ili nipate kula. Vita vilikuwa vimeifunga barabara nyuma yangu. Nimehamahama sana tangu siku zile, na bado naukumbuka ule ubaridi wa asubuhi kando ya kijito.

Kwa kuwa nilimaliza sekondari na nilisoma Kifaransa, watu wa msaada walinikabidhi mashine ya maji, karibu na vibanda vya waliokimbia mapigano ya Kamango. Kijito kilitoka kwenye mafunjo. Maji yake yalikuwa na rangi ya chai, kwa majani yaliyooza. Pampu iliyasukuma kupitia utando mweupe wenye matundu yasiyoonekana kwa jicho, yakatoka safi. Lakini uozo uliganda juu ya utando kama ute wa bamia. Dawa yake ilikuwa moja: mara kwa mara kurudisha maji safi kinyume, yaung'oe ute, kisha kuyamwaga.

Kuyamwaga mbele ya foleni ya wanawake na bidoni zao, yale madumu ya plastiki.

"Papa, hii mashini yako inaoga kuliko bibi-arusi," alisema mama mmoja mzee, wa kwanza kufika kila asubuhi. Wenzake walicheka. Mimi sikuweza. Nililelewa kwamba mtu hamwagi maji mbele ya mwenye kiu.

Nikapunguza kuosha. Kisha nikaacha kabisa. Bidoni zikajaa upesi, wakanisifu. Baadaye bomba likatoa uzi tu, halafu matone. Nikalowesha utando kwa javeli, ile dawa ya kung'arishia nguo, nikausugua kwa vidole. Ute ulikuwa umeshakuwa ngozi ya pili. Na kwa vita vile, utando mwingine haungefika.

Yule mama aliuliza kuna nini. Nikamweleza yote.

"Donc, kumbe maji ulikuwa unamwanga, ilikuwa dawa yake?"

"Ndiyo, mama."

"Na hukusema? Uliona siye ni batu ba bila akili? Tungengoja, mutoto yangu. Kungoja tunajua."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Nikapanda lori la kwenda Butembo, nisirudi tena. Kutoka juu ya magunia nilimwona yule mama ameinama kijitoni, anachuja maji kwa kipande cha kitenge. Aliinua kichwa, akanipungia mkono. Nikainama, nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Nilikuwa nimevaa kandambili.