Mbuzi Aliyerudi na Kitenge

Mbuzi wetu alirudi Beni Jumanne mchana, amepakiwa nyuma ya pikipiki, shingoni kafungwa kitenge kipya chenye maua ya manjano. Mwenye pikipiki alimshusha mlangoni, akasema, "Batu ya Bulengera banawasalimia," akageuza akaondoka. Kaka yangu alikuwa anakula maharagwe. Alitoka na kijiko mkononi, akakisahau hewani.

Yote yalianzia kwenye kwaya. Kaka yangu anafundisha Kilatini, mvi zimeanza, na hajaoa. Alitumwa Butembo kununua vitenge vya sare ya kwaya. Akaleta rangi isiyo yenyewe, akaenda kubadilisha, akarudi na nyingine isiyo yenyewe. Vitenge vilipofikia kutosha kuvika parokia mbili, mama akamwambia, "Baba, sema tu ni nani." Alikuwa mwenye duka la vitenge la Bulengera, hukohuko Butembo, mwanamke mcheshi anayeuza kipande kizima tu. Hata umbembeleze vipi, hakukatii nusu.

Tukaenda kuposa. Msemaji wetu alikuwa jirani, mzee Mwislamu mwenye lori la kubeba kakao ya Oicha na Mangina, mtu wa kuamsha hata mkutano uliolala. Kwetu mwoaji hasemi siku hiyo. Anakaa kichwa chini kama mgonjwa, na msemaji ndiye anayempenda binti kwa niaba yake. Njia nzima kaka yangu aliapa kwamba hatafungua mdomo.

Tukapokewa vizuri, tukapewa viti. Binti alikuwa nyuma ya pazia, kama inavyotakiwa. Shangazi yake mkubwa, mwanamke wa maneno machache, akauliza, "Bakwe, kijana wenu anamupenda mutoto wetu namna gani?"

"Mama, ni mahaba," msemaji akajibu. "Ni shauku. Sisi bachauffeur tunasemaka, moteur inawaka hata kwa kupanda mulima."

Watu wakapiga makofi. Ilikuwa imekwisha, tungeweza kula. Lakini nilimwona kaka yangu akikunja na kukunjua vidole, kama darasani mwanafunzi anapokosea. Akasimama.

"Pardon, papa. Shauku haitoshi."

Nilimvuta koti. Hakukaa. Akasema Wagiriki wa kale walikuwa na *eros* kwa moto huu, lakini nao wangekosa usingizi wangemwona binti huyu. Akasema *amor* na *ardor* za Kilatini, *ahava* ya Waebrania. Akashuka hadi kwetu: *olwanzo* ya Kinande, na *mposa* ya Kilingala, ambayo ni njaa na kiu pamoja. Mwisho akanyoosha mkono kuelekea pazia, akasema, "Na Wafaransa wanasema *passion*!"

"Passion?" shangazi akauliza. "Si ile ya Ijumaa Kuu? Mateso?"

"Ndiyo, tante! Ile ile! Kwa Kilatini ni kuteseka!"

"Bon. Basi ateseke. Alipe amende, mubuzi moja."

Nyumba nzima ikaanguka kwa kicheko. Nyuma ya pazia pia mtu alicheka, kicheko kirefu cha kukosa pumzi. Kaka yangu anaapa alikuwa binti mwenyewe. Msemaji anasema alikuwa mpishi.

Shangazi hakucheka. "Mutume ile mubuzi," akasema. "Tukimukula, murudi, tuzungumuze. Tukimurudisha, musijisumbue tena. Na huyu mwalimu hapana kusema kitu hata kimoja tena, hata kwa telefoni. Maneno yake yamekwisha yote."

Kwa hiyo tulituma mbuzi, jike mweupe, mnene. Na kwa hiyo Jumanne tulisimama uani tukimzunguka, naye akila majani ya mgomba wetu bila wasiwasi.

"Mubuzi amerudi," msemaji akasema. "Ile ni hapana. Pole, mwalimu."

"Na kitenge?" mama akauliza. "Batu habatupe kitenge ovyo!"

"Labda ni ya kufuta machozi."

Mama akakifungua shingoni, akakipima kwa mkono kutoka kidoleni hadi puani, akapima tena. "Mais, hii ni nusu."

Kaka yangu alikaa chini palepale kwenye vumbi. Yule mwanamke hakati. Sisi sote tulijua hakati, tulikuwa na sare za kuthibitisha.

"Donc nusu ingine anayo yeye!" kaka akasema.

"Ao," msemaji akasema, "iko kwa shingo ya mubuzi ya mwanaume mwingine."

Mama alimpiga msemaji kwa kijiko cha maharagwe.

Ijumaa fundi alimaliza kushona shati la ile nusu ya kitenge. Maua ya manjano yanamfanya kaka yangu aonekane kama bustani ya masista. Leo Jumapili alfajiri alipanda lori la msemaji, amevaa shati hilo, kwenda kusali Butembo katika kanisa ambako mwanamke huyo husali, benchi la tatu. Hatasema neno. Ataangalia tu mwanamke huyo amevaa nini.

Sasa ni saa saba mchana, misa imekwisha zamani. Simu ya kaka haipatikani, ya msemaji inaita bila kujibiwa. Mama amekataa kula. Mbuzi amefungwa pale pale uani, na hakuna anayejua kama ni wetu au wao.